Namna ya Kumlea Mtoto Asiyetoka Jasho

Mwongozo huu una sharti moja: uwe na fedha. Mtoto wa mlalahoi huenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, hutumwa dukani kabla hajavua sare, hubeba ndoo ya maji, halafu jioni hupotelea vichochoroni hadi mama yake aanze kumwita kwa jina la ukoo. Huyo humuwezi. Hata ukimfungia ndani atapita dirishani. Tunaoweza ni sisi tuliojaliwa kidogo, wenye geti, rimoti na mkopo wa gari.

Na usidhani ni kazi ndogo. Unapambana na kiumbe kilichoanza kupiga mateke tumboni kabla hakijapewa jina. Hakuna mtoto aliyefundishwa kukimbia. Akishajua kusimama, anaondoka. Kumtuliza ni mradi wa miaka kumi na zaidi, nao unataka mtaji, uvumilivu, na ushirikiano wa mzazi, mwalimu, dada wa kazi, dereva na diwani.

Wapo wanaoupinga mradi huu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hadi apumue kwa nguvu na moyo umwende mbio. Wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne wanatakiwa dakika 180 za kuchezacheza kwa namna yoyote ile. Usitishike. Takwimu za wanafunzi wa nchi 146 zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakuzifikia dakika hizo 60. Dunia nzima inafanya unachotaka kufanya, wengi wao bila hata mwongozo.

Hatua ya kwanza ni mdomo, na hiyo haina gharama. Mtoto akiinuka tu, sema jambo. "Utaanguka." "Utachafuka." "Jua hilo." "Shuka hapo." "Usikimbie, pamepigwa deki." "Baba amelala." Usitoe sababu, na usingoje kitu kitokee, neno la kukataza linafanya kazi vizuri zaidi likitangulia. Ukimkuta bintiyo juu ya tawi la mwembe, usimuulize kama ameshika vizuri wala usimwonyeshe pa kuweka mguu wa pili. Piga kelele. Akishtuka na kuanguka, una haki kamili ya kutamka, "Si nilikwambia?" Maneno hayo, yakitumiwa mapema, hukaa mwilini mwa mtoto miaka na miaka, na mwishowe hutakuwa na haja ya kuyasema kwa sauti.

Hatua nyingine sitazipa namba, kwa sababu mzazi makini huzifanya zote kwa mpigo.

Ua uwe wa pevingi, na palipobaki pandwe majani yanayomwagiliwa lakini hayakanyagwi. Sebuleni jaza makochi mpaka pasibaki pa kupita ila njia ya kwenda kwenye kochi. Dada wa kazi mpe kigezo kimoja tu cha kupimiwa: ukirudi jioni, mtoto awe msafi. Usimweleze zaidi, ana akili zake. Ana vyombo, ana nguo za kufua, ana maharage jikoni, na anajua kuwa magoti safi ya mtoto ndiyo hati yake ya utendaji. Atawasha katuni saa mbili asubuhi na kuzizima geti litakapogongwa. Ukija kusikia mtaalamu fulani akilalamika kwamba dada wa kazi wa siku hizi hawachezi na watoto, nyamaza. Dada anatekeleza alichoajiriwa kufanya.

Kisha shule. Shule nzuri ni ile iliyo mbali. Ukiishi Mbagala, Dar es Salaam, tafuta ya Mbezi Beach. Ukiishi Mbezi Beach, sikia inasemwaje ile ya Kigamboni. Basi litapita saa kumi na moja alfajiri, mtoto atapandishwa akiwa na usingizi, na jioni litamteremsha akiwa na usingizi mwingine. Katikati amekaa kwenye dawati, akitoka kwenye dawati amekaa kwenye siti, akifika nyumbani anakaa mezani afanye kazi za nyumbani, kwa sababu shule uliyoilipia ada ile yote haiwezi kukubali mtoto alale bila kurasa nne za hisabati. Jumamosi kuna tuisheni. Dakika 60 atazitoa wapi? Kwenye foleni ya Mwenge anaweza kupata hata tisini, ila zote za kukaa.

Jirani akikuuliza mbona shule ya msingi iko mtaa wa pili, mjibu kwamba barabara si salama. Hapo utakuwa umesema kweli, na hoja ya kweli ndiyo kinga bora kuliko zote. Bodaboda hupita juu ya njia ya miguu, pale ilipo njia ya miguu, na daladala husimama anapotaka konda. Ila angalia usiipeleke hoja hiyo mbali. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likishughulika na shule ambazo wanafunzi wake hugongwa njiani: wanajenga njia ya waenda kwa miguu, wanaweka matuta na vivuko, mahali pengine geti linahamishiwa upande usio na magari. Mpango huo ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019. Ni vitu vya zege na rangi, si teknolojia ya anga. Wazazi wakiyajua haya wataanza kumdai diwani matuta badala ya kudaiana nauli ya basi la shule, na wewe utabaki na gari lako kubwa ulilolinunua ili mtoto wako asigongwe, likipita mwendo wa themanini mbele ya watoto wa wenzako.

Nikifika kwa mwalimu naomba tupunguze kejeli kidogo, kwa maana huyu ametuzidi sote. Nani mwingine angebuni jambo hili: mwanafunzi akichelewa, anazunguka uwanja, akipiga kelele, pushapu, asipoandika kazi, anaruka kichura kutoka mlingotini hadi chooni na kurudi, darasa zima likimtazama na kumcheka. Mwanafunzi aliyefanya vizuri haguswi. Anakaa. Kukaa ndiyo tuzo. Baada ya miaka saba ya masomo hayo, ambayo hayamo kwenye muhtasari wowote, miguu ya mtoto inajua yenyewe kuwa mbio ni malipo ya kosa. Ijumaa mwalimu yuleyule anatoka na filimbi, anasema, "Haya, twendeni michezoni!" halafu anashangaa kuona nusu ya darasa imeumwa tumbo. Nyumbani unaweza kuiga. Kwa mtoto aliyevunja glasi, amri ya kupiga pushapu ina faida mbili: unaonekana mzazi wa kisasa usiyechapa, na mtoto anajifunza kuchukia pushapu.

Kipindi cha michezo kiwe kwenye ratiba, ukaguzi ukija kionekane. Matumizi yake ni kufidia hisabati. Mtihani wa darasa la saba, kama tunavyojua, huwa unakaribia tangu mtoto yuko darasa la tano. Serikali yenyewe iliwahi kutuonyesha njia: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari yalipigwa marufuku, ili watoto wasome. Baadaye yakarudishwa. Sijasikia mtu akisema kwamba katika miaka ile hesabu zilipanda.

Yaliporudishwa mashindano hayo, UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, walimu waliona kuwa hata mashindano yanaweza kutumika kuwatuliza watoto, ukijua kuyaendesha. Shule ina wanafunzi elfu moja na uwanja mmoja. Chagua wachezaji wa timu wiki ya kwanza, wale waliokwisha kujua mpira, kisha uwape uwanja peke yao muhula mzima. Waliobaki wape nyimbo za kushangilia. Mtoto mnene mweke golini akiwa darasa la pili na usimtoe humo. Wengine wakigawana wachezaji, hakikisha manahodha wanachagua mmoja mmoja mbele ya wote, ili anayebaki mwisho ajue kabisa nafasi yake, na kesho aje na barua ya daktari.

Nyumbani nako tumia mashujaa. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia jijini Tokyo, akamzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Mrudishie mtoto video ya mbio hizo mara nyingi. Msimulie na ya Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mtoto akisisimka na kutaka kukimbia hadi kwenye kona na kurudi, muulize: "Wewe unaweza kuwa Simbu?" Hawezi. Basi akae. Watoto wengi hawaachi michezo kwa uvivu. Wanaacha siku wanapogundua kwamba mchezo umekuwa wa wenye kipaji, na wao hawamo.

Kuna jambo naliandika hapa ili ulifiche. Mwaka 2012, mjini Stirling, Scotland, mwalimu mkuu Elaine Wyllie alianza kuwatoa wanafunzi wake nje dakika 15 kila siku, wakimbie au watembee umbali wa kama maili moja. Wanakwenda na sare walizovaa. Hakuna vifaa, hakuna timu, hakuna mshindi, anayetaka kupiga soga na mwenzake njiani anapiga. Shule za nchi nyingi zimeiga. Jambo la namna hii lisilo na tenda, lisilo na jezi na lisilo na mgeni rasmi lina hatari kubwa ya kufanikiwa, hivyo kwenye kikao cha wazazi usilitaje. Pendekeza shule ijenge bwawa la kuogelea. Mchango utajadiliwa miaka sita.

Kama una mtoto wa kike, kazi yako ni nyepesi, kwa kuwa nusu yake imeshafanywa na ukoo. Katika takwimu zile za nchi 146, wavulana wasiofikia dakika 60 walikuwa asilimia 78, wasichana 85. Tena kati ya 2001 na 2016 wavulana walisogea kidogo, kutoka 80. Wasichana walikuwa palepale. Hata takwimu zao zimefundishwa kukaa vizuri.

Chunga tu miaka ya mwanzo. Msichana wa miaka minane anacheza rede: wenzake wawili wako pande mbili na mpira wa soksi, yeye katikati anaukwepa, anainama, anaruka, anageuka kabla mpira haujaondoka mkononi. Anaruka kamba hadi jua linazama. Hakuna mkufunzi aliyewahi kumwelekeza. Ukimwacha hivyo mpaka miaka kumi na tano utakuwa na mwanamichezo ndani ya nyumba. Kwa hiyo akitimiza kumi na moja mwite kando. Mwambie ameshakuwa mkubwa. Mvulana akikua anaruhusiwa kwenda mbali zaidi. Msichana akikua anarudishwa barazani, na kutoka barazani jikoni. Kaka yake atoke saa kumi na viatu mkononi, yeye apewe sinki la vyombo, na wakirudi wote wawili mezani mvulana aambiwe ale vizuri maana amechoka.

Shule itakusaidia. Imvalishe sketi inayombana hatua, isimpe mahali pa kubadilishia nguo, choo kisiwe na maji wala mlango unaofunga, na siku zake za mwezi ziwe siri anayoibeba peke yake. Mwalimu wa michezo awe mwanamume mwenye utani. Baada ya hapo tutaweza kusema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba wasichana wa siku hizi hawapendi michezo.

Simu na televisheni sitazizungumzia sana. Kila mtu anazisema, na kusema kweli tunazionea. Skrini haijawahi kumvuta mtoto kutoka katikati ya kombolela. Inamkuta ameshakatazwa kila kitu kingine, inamfariji. Faida yake moja ambayo haitangazwi vya kutosha ni miwani. Katika shule za msingi za Guangzhou, China, watafiti waliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, wakati katika shule ambazo hazikuongeza kitu walikuwa 39.5. Mwanga wa nje tu. Sisi wenye jua la bure mwaka mzima tumejipanga vyema kulikwepa, kwa mapazia mazito.

Wewe mwenyewe, mzazi, uwe mwangalifu na mwili wako. Watoto ni waigaji. Kuna mfano mbaya hapahapa nchini, wa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Watafiti waliwafunga watu wazima vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakakuta kila mmoja anapata kama dakika 135 kwa siku za shughuli ya kuuchangamsha mwili. Watoto wao nao wamo porini wakiokota ubuyu na kuchimba mizizi, wavulana na pinde zao tangu wadogo, na hakuna aliyewapa ratiba. Wanafuata wakubwa, basi.

Kwa hiyo fanya mazoezi pale mtoto asipokuona. Nenda gimu kwa gari, panda mashine, tembea dakika arobaini ukiutazama ukuta, rudi kwa gari. Mtoto akiomba mwende dukani kwa miguu, mwambie umechoka, umetoka mazoezini. Jumapili alfajiri jiunge na klabu ya joging, yenye fulana za rangi moja na wimbo wa kukimbilia, mmalizie kwa supu ya mbuzi na chapati mbili. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliwataka Watanzania wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Wito huo unatekelezeka vizuri sana, mradi mtoto abaki na dada.

Kuhusu uwanja: kama mtaa wenu bado una eneo la wazi, halitadumu, ila usikae ukingoje. Mahali hapo kwenye ramani ya mipango miji pameandikwa ni pa wananchi, maana yake hapana mwenyewe wa kugombana naye. Kwanza linakuja lori la mchanga linapaki. Kisha gereji. Kisha ukuta, na nyuma ya ukuta baa, ambayo kwa heshima ya historia inaweza kuonyesha mechi za Uingereza. Waliokuwa wakipiga chandimu pale watahamia barabarani, watavunja kioo cha gari lako, nawe utakuwa na ushahidi mpya kwamba watoto wa mtaa huu hawana adabu. Wako utampeleka Jumapili kwenye mabembea ya kulipia, nusu saa kwa tiketi, viatu vimevuliwa, na mlinzi anayepuliza filimbi kila mtoto anapopanda upande wa kuteremkia.

Zimebaki hatari chache. Likizo kwa bibi kijijini usiikubali kwa zaidi ya wiki moja. Mtoto hurudi na makovu, mweusi kwa jua, anajua kupanda mnazi na analala usiku bila kubembelezwa. Binamu wa kutoka huko akija mjini mnunulie tableti siku ileile aliyofika, kabla hajamwonyesha mwanao namna ya kutengeneza gari la waya. Mvua ya kwanza, funga milango.

Lakini adui mkubwa ni umeme kukatika. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili mtoto anabonyeza rimoti kwa imani. Ya tatu anaitikisa. Kufikia ya tano anasikia, ng'ambo ya ukuta, watoto wa nyumba ya nyuma wakihesabu gizani na wengine wakikimbilia kujificha, na mkono wake uko kwenye komeo la geti dogo. Miaka yote ya kazi yako inaweza kutoka nje hapo, peku. Nunua jenereta. Ila chagua isiyo na kelele, kwa sababu yenye kelele itawaita watoto wa mtaa mzima waje kuitazama, na wakishafika kumi watagawana timu.